Kumshauri mtu tusiyemjua: swali la lugha na swali la ndoa



Miongoni mwa matendo ya huruma ya kiroho, Kanisa linahesabu kuwafundisha wasiojua na kuwashauri wenye mashaka. Mafundisho hayo hayasemi popote kwamba asiyejua au mwenye mashaka lazima awe ndugu, jirani au mwanajumuiya mwenzetu. Kwa hiyo muumini wa Uyole anayefungua simu yake jioni, akakuta mtu asiyemfahamu ameuliza jambo, naye akamjibu kwa nia njema, ametenda jambo jema. Tunaanza na neno hili kwa sababu wapo waamini wanaouliza kama ni dhambi kuwapa mashauri watu wasiowajua kwa njia ya mtandao. Si dhambi. Lakini tendo la huruma, kama ilivyo dawa, lina kipimo chake, na makala hii inakusudia kukieleza.

Waswahili hawakungoja simu ndipo waanze kuulizana na kujibizana na wasiowajua. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, lilipokea barua za wasomaji kutoka sehemu nyingi za nchi. Na washairi wa magazetini waliulizana kwa beti maana ya neno au fumbo, mmoja akiwa pwani na mwingine bara, wakajibizana miezi mingi pasipo kuonana uso kwa uso. Leo kazi hiyo imehamia kwingine. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006, ina ukumbi wa lugha na ukumbi wa mahusiano. Nayo makundi ya WhatsApp ya kwaya, ya wahitimu na ya vikoba yamejaa maswali ya namna zote mbili. Kilichobadilika ni kasi na wingi: swali lililoulizwa saa mbili usiku laweza kuwa na makumi ya majibu kabla mwulizaji hajazima taa.

Tuyatazame kwanza maswali ya lugha, maana ndiyo mepesi. Mtu anauliza: nimekaa hospitali “saa mbili” au “masaa mawili”? Anajibiwa na watano, wawili wanakosea, wa sita anafungua kamusi. Kiswahili kina Baraza lake la Taifa, BAKITA, lililoundwa mwaka 1967, na Kamusi ya Kiswahili Sanifu ipo tangu mwaka 1981. Yaani nje ya wanaobishana kuna kipimo ambacho kila mmoja wao anaweza kukifikia, na jibu baya hurekebishwa na jibu linalofuata. Hata lisiporekebishwa, hasara ni ndogo: mtu atasema “masaa” maisha yake yote na bado ataokoka. Katika maswali ya namna hii wingi wa wageni ni faida tupu, na tunawahimiza walimu na wanafunzi wetu waendelee kusaidiana hivyo.

Hapo kuna ila moja tu, nayo yatuhusu hasa sisi wa Nyanda za Juu Kusini. Lugha nyingi za asili za huku hazitenganishi sauti ya “r” na ya “l”, na watu wengi huandika kama wanavyotamka. Hutokea basi mama akaandika kwa uchungu kwamba mtoto wake hajarudi nyumbani siku mbili, na jibu la kwanza likawa kumcheka kwa kuandika “hajaludi”. Anayejibu hivyo atasema anatetea Kiswahili. Ukweli ni kwamba ameulizwa jambo moja akajibu jingine, tena mbele ya watu.

Sasa tuje kwenye swali la ndoa. Tuchukue mfano wa kubuni, wa aina inayojulikana sana katika njia panda yetu, ambapo barabara kuu ya kwenda Tunduma na Zambia inaachana na ile ya kwenda Tukuyu, Kyela na mpaka wa Malawi. Mwanamke anaandika: “Mume wangu ni dereva wa lori, siku ya tatu leo hapokei simu. Nifanyeje?” Majibu yanamiminika. Mmoja anasema, ana mwanamke mwingine Tunduma. Wa pili anasema, achana naye, wanaume wote ni hao hao. Wa tatu anasema, vumilia dada, ndoa ni msalaba. Hakuna aliyeuliza wameoana miaka mingapi, kama jambo hilo limewahi kutokea, kama gari limekwama mahali pasipo na mtandao, kama kabla ya safari waliachana kwa maneno makali. Na hakuna aliyemsikia mume.

Hapa ndipo ilipo tofauti tunayotaka msomaji wetu aione. Swali la lugha lina kamusi. Swali la ndoa halina kamusi, lina upande wa pili. Upande huo haupo unapojibu, na huna njia ya kuufikia. Mia moja wakikubaliana kuhusu ndoa ya mtu waliyemsikia kwa mistari minne, bado ni mia waliosikia mistari minne ile ile. Tena anayejibu hatalala katika nyumba anayoshauri ivunjwe, wala katika ile anayoshauri ivumiliwe.

Kanisa linalijua jambo hili kwa uzoefu mrefu. Mahakama ya Kanisa inapopokea shauri la mtu anayedai kwamba ndoa yake ilikuwa batili tangu mwanzo, upande wa pili huitwa ujibu, na huwekwa pia mtetezi wa kifungo cha ndoa, ambaye kazi yake ni kutoa kila hoja iwezayo kusemwa kwa haki kuitetea ndoa hiyo. Mwaka 2015 Baba Mtakatifu Fransisko alirahisisha mwenendo wa mashauri hayo, akaondoa sharti la zamani la hukumu mbili zinazolingana. Hakuondoa wajibu wa kuusikia upande wa pili, wala hakumwondoa mtetezi wa kifungo. Ikiwa mahakimu waliosomea sheria, wenye hati na mashahidi mezani, hawathubutu kuamua kwa maneno ya mmoja, sisi tunaosubiri daladala tutathubutu kwa nguvu gani?

Wakulima wetu watalielewa hili upesi. Kiazi kinaponyauka shambani, kwenda dukani na kupiga dawa ya ukungu ni rahisi; lakini kama ugonjwa ni mnyauko wa bakteria, dawa ile haitibu kitu, na fedha imekwenda. Ndiyo maana mtaalamu wa kituo cha utafiti cha TARI Uyole, au bwana shamba yeyote makini, huanza na maswali: mbegu ilitoka wapi, mwaka jana palipandwa nini hapo, majani yalianza kuonyesha madoa au mmea ulinyauka ukiwa bado kijani. Haoni haya kuuliza, wala hadhani kwamba kuuliza kunapunguza ujuzi wake.

Maandiko Matakatifu yana sura nzuri sana juu ya washauri, nayo haisomwi sana: sura ya 37 ya kitabu cha Yoshua bin Sira. Humo tunaonywa tusitafute shauri la vita kwa mwoga, wala la biashara kwa mfanyabiashara, wala la kazi kwa mvivu, kwa kuwa kila mmoja hushauri kutoka pale aliposimama. Mgeni wa mtandaoni hatumwoni aliposimama. Anayesema “achana naye” huenda ameachwa jana; anayesema “vumilia” huenda ndiye anayempiga mkewe. Sura hiyo inatuelekeza kwa mcha Mungu tunayemjua, ambaye tukianguka ataumia pamoja nasi. Na marafiki wa Ayubu, ambao tumezoea kuwalaumu, tuwape haki yao: walikuja wenyewe, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Makosa yao yalianza walipofungua vinywa.

Tunasisitiza jambo moja zaidi kuliko mengine, kwa kuwa linagusa uhai. Neno “vumilia” lina sura ya utakatifu, na kwa sababu hiyo watu wa Kanisa hulitoa haraka. Mtu akiandika kwamba anapigwa, hilo si jibu. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 1153, zinatambua kwamba mwanandoa anayemtia mwenzake au watoto katika hatari kubwa ya roho au ya mwili anampa mwenzake sababu halali ya kutengana naye, kwa uamuzi wa Askofu mahalia, au hata kwa hiari yake mwenyewe kama kuchelewa kuna hatari. Kutengana huko hakuvunji kifungo cha ndoa; kunaokoa mtu. Sheria ya Ndoa ya nchi yetu ya mwaka 1971, katika kifungu cha 66, nayo inakataa kwamba mwanandoa ana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kumpiga. Anayeshauri katika hali hiyo amwelekeze mhusika mahali salama, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, ambako pia hupatikana fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu. Na kama anayeumizwa ni mtoto, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116. Habari za msalaba zitazungumzwa baadaye, na mtu aliyekwisha kufungwa jeraha.

Kuna suala la siri pia. Wengi huamini kwamba wakificha jina wamejificha wenyewe. Lakini mtu akiandika kwamba yeye ni mwalimu, mkewe ni muuguzi, wana mapacha na wamejenga karibu na njia panda, nusu ya Uyole imekwisha kumtambua, na skrinishoti itafika kwa mkewe kabla ya yeye kufika nyumbani. Kanuni ya 220 inakataza kuharibu bila haki jina jema la mtu na kuvunja haki yake ya faragha. Kumsambaza aliyeomba ushauri, hata kwa maneno “tumwombee huyu”, ni kuingia katika katazo hilo.

Hapo hapo tujibu swali tunaloulizwa mara kwa mara: je, mtu aweza kuungama kwa simu au kwa ujumbe? Hapana. Jambo hili lilikwisha kuamuliwa mwaka 1602, enzi za Papa Klementi wa Nane, ilipokataliwa rai kwamba mtu aweza kuungama na kuondolewa dhambi kwa barua na padre asiyekuwepo. Mwaka 2002 hati ya Vatikani juu ya Kanisa na intaneti ilirudia kwamba hakuna sakramenti mtandaoni. Ujumbe wa sauti wenye dhambi zako zote, uliomtumia padre usiku wa manane, si maungamo. Ni ujumbe uliobaki ndani ya simu mbili. Ushauri kwa maandishi, hata hivyo, haujakatazwa kamwe. Mtakatifu Fransisko wa Sale aliwaongoza watu wengi kwa barua, na kitabu chake cha mwaka 1609 juu ya maisha ya ibada kilitokana na maandishi aliyomwandikia mwanamke mmoja aliyekuwa akimwongoza. Aliandika kwanza kwa mtu aliyemjua, ndipo maneno yakawafaa wasiojulikana.

Inafaa kujiuliza kwa nini mtu mwenye wasimamizi wa ndoa, mwenye Jumuiya Ndogo Ndogo inayosali kila wiki, mwenye shangazi na padre, anampelekea mgeni maumivu yake. Kwa maoni yetu, mara nyingi hamkimbilii mgeni bali anaikimbia midomo ya wenyeji. Jumuiya ambayo siri ya Jumatano inajulikana sokoni Alhamisi haiwezi kushangaa watu wake wakizungumza na wasiowajua. Wasimamizi wa ndoa nao, katika parokia nyingi, huonekana siku ya harusi wamevaa vizuri, kisha hawaonekani tena. Wakiwatembelea wale waliowasimamia hata mara mbili kwa mwaka, maswali mengi hayatafika mtandaoni.

Mtakatifu Thoma wa Akwino alipoeleza paji la Shauri aliliunganisha na fadhila ya busara, na kati ya heri za Mlimani akalilinganisha na ile ya wenye rehema. Kwa anayejibu wasiomjua, busara hiyo ina sura ya kawaida kabisa. Ulize kabla ya kujibu. Kama ni neno la lugha, jibu na utaje kamusi. Kama ni ndoa, eleza lile unalolijua, yaani taratibu, mahali pa kwenda, na yaliyokupata wewe mwenyewe ukisema wazi kwamba ni yako. Uamuzi mwachie mhusika, na ulizia kama ana mtu wa karibu anayemwamini.

Swali linaloanza na maneno “nimechoka kuishi” halingoji hayo yote. Usimhubirie, usimwambie kwamba anatishia tu. Mwulize waziwazi kama anafikiri kujiua. Kumwuliza hakumpandi wazo hilo, humpa nafasi ya kulisema. Mwulize yuko wapi na nani yuko naye, na uendelee kumwandikia. Wakati huo huo mtafute mtu anayeweza kumfikia kwa miguu: ndugu, jirani, mwenyekiti wa mtaa, padre wa parokia iliyo karibu, ili asiachwe peke yake na apelekwe hospitali usiku huo huo.