ULIZA BREKI KWANZA

Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nami naongeza, wenzangu: usione yakimbia, kuna yanayoyasimamisha. Makala haya yanahusu magari ya Marekani ya mwanzo wa miaka ya sitini, yale yenye injini kubwa na mngurumo wa simba, na jinsi wenyewe wanavyoyatunza na kuyabadilisha hadi leo. Najua wengine mtauliza, "Kwani huyu ameishiwa na mada?" Nivumilieni kidogo. Jambo hili sikulisoma vitabuni tu. Karibu linivunje mbavu.

Likizo ya Agosti mwaka jana nilibahatika kumtembelea mjomba wangu anayefanya kazi katika jimbo la Michigan, karibu na Detroit, mji uliojulikana duniani kote kwa kuunda magari. Mjomba ana gari la mwaka 1963. Kampuni iliyoliunda siitaji, maana kosa nitakalolisimulia lilikuwa letu sisi wenyewe.

Kwanza tuyajue magari yenyewe. Mwaka 1961 Chevrolet ilitoa Impala SS, ambayo mnunuzi angeweza kuiagiza na injini ya inchi za ujazo 409, yaani lita 6.7. Linganisha na saluni ya lita 1.5 inayopita hapa getini kila asubuhi! Mwaka uliofuata injini hiyohiyo, ikiwa na kabureta mbili, ilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 409. Ford nao hawakukaa kitako. Mwaka 1963 wakaleta injini ya lita 7, nguvu za farasi 425. Dodge na Plymouth pia walikuwamo. Ilikuwa vita vya ndovu, bwana.

Januari 1963 kampuni kubwa ya General Motors ilizikataza tanzu zake kujihusisha na mashindano ya magari. Je, watu wa Pontiac, mojawapo ya tanzu hizo, walinywea? Thubutu! Wahandisi wao, akiwemo John DeLorean, walichukua gari la ukubwa wa wastani wakalipachika injini ya lita 6.4 iliyokusudiwa magari makubwa. Kanuni ya kampuni haikuruhusu gari la ukubwa huo kuzidi lita 5.4 hivi, basi wao wakaiuza injini hiyo kama nyongeza ya hiari. Hiyo ndiyo GTO ya mwaka 1964: nguvu za farasi 325, au 348 ukichukua ile ya kabureta tatu. Magari 32,450 ya toleo hilo la kwanza yaliuzwa.

Tahadhari moja. Tarakimu hizo zilipimwa injini ikiwa peke yake, bila mzigo wa vifaa vinavyoizunguka ikiwa ndani ya gari. Kuanzia magari ya 1972 makampuni ya Marekani yalianza kutangaza nguvu ya injini ikiwa na vifaa vyake vyote, na tarakimu zikashuka mara moja. Hata chuma hujua kujigamba.

Sasa sikieni maajabu. Mengi ya magari haya, yenye uzito wa zaidi ya tani moja na nusu, yalisimamishwa kwa breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Katika breki ya ngoma, vibao viwili vilivyopinda hupanuka ndani ya ngoma ya chuma na kuisugua. Ukishika breki mara kadhaa ukiwa kasi, ngoma hupata moto, hutanuka na kuvikimbia vibao. Unakanyaga, lakini gari linakuangalia tu. Breki ya diski ni sahani ya chuma inayobanwa pande zote mbili, na kwa kuwa iko wazi, upepo huipoza. Studebaker Avanti ya 1963 ilikuwa nazo mbele, na Corvette ikazipata magurudumu yote mwaka 1965, lakini wengi walikuwa bado na ngoma.

La pili ni silinda kuu ya breki, ile mafundi wetu huiita masta. Mguu ukikanyaga, masta husukuma mafuta ya breki kwenye mabomba hadi magurudumuni. Magari mengi ya wakati ule yalikuwa na masta yenye chumba kimoja kinachohudumia magurudumu yote. Bomba moja likipasuka, mafuta yote hutoka na breki zote nne huenda. Ni kuanzia 1968 ambapo sheria ya Marekani ilitaka mfumo uliogawanywa sehemu mbili, moja ikifa nyingine ibaki. Mikanda ya usalama nayo ililazimishwa na sheria hiyo mwaka huohuo.

Walimu wetu wa fizikia wametufundisha kwamba nishati ya kitu kinachokwenda hutegemea kipeo cha pili cha mwendo. Ukitoka kilomita 50 kwa saa hadi 100, mwendo umezidi mara mbili, lakini kazi ya breki imezidi mara nne. Niliijua fomula hiyo. Niliiandika kwenye mtihani nikapata alama zote. Kumbe kuijua na kuiamini ni mambo mawili.

Mjomba alikuwa ameweka akiba ya kubadilisha kitu kimoja kabla ya maonyesho makubwa ya magari ya zamani yafanyikayo kila Agosti katika barabara ya Woodward, ambako vijana wa miaka ya sitini walikuwa wakishindana usiku. Yeye alitaka kushughulikia breki. Mimi na binamu yangu tukamshika sikio: "Mjomba, weka kabureta kubwa! Breki nani ataziona?" Mjomba akacheka, akashawishika. Kabureta ikafungwa. Lo! Gari lilinguruma hadi vioo vya jirani vikatetemeka, nasi tukapiga makofi.

Siku ya tatu jioni tulikuwa tukirudi dukani. Tukakaribia njia panda. Mjomba akakanyaga breki, pedali ikazama hadi sakafuni kama mguu kwenye tope. Bomba la nyuma, lililoliwa na kutu, lilikuwa limepasuka. Mjomba hakupiga kelele. Alishusha gia, akavuta breki ya kuegesha, ambayo huvutwa kwa waya na haitegemei mafuta, akalielekeza gari kwenye nyasi. Tulisimama juu ya baiskeli ya mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa hatua kumi hivi kutoka hapo, ameshika chupa ya maji, anatutazama.

Hakuna aliyeumia. Mjomba alimwomba radhi mamake mtoto na kulipa baiskeli siku hiyohiyo. Njiani kurudi, kwa miguu, alisema neno moja tu: "Mpwa wangu, usijilaumu. Usukani ulikuwa mikononi mwangu." Wallahi maneno hayo yaliniuma kuliko kofi.

Siku ya maonyesho, gari letu lilikuwa limepandishwa juu ya vyuma uani. Tulienda kama watazamaji. Maelfu ya magari yalipita, boneti wazi, rangi kama embe mbivu. Nikamsalimu mzee mmoja mwenye Impala na kumuuliza alianza kubadilisha nini. Bila kusita akanionyesha masta. Kisha akanieleza busara ya wenye magari haya. Gari lenye injini na sehemu zake za asili lina thamani kubwa, kwa hivyo wengi hufanya mabadiliko yanayoweza kurudishwa: hawakati, hawachomelei, na kila kilichotolewa huwekwa sandukuni na kuandikwa jina. Lakini alisema kwamba kwenye breki, mikanda na tairi, yeye habishani na historia.

Alinieleza pia kuhusu petroli. Zamani ilitiwa madini ya risasi, ambayo yalizuia injini kugonga na kulinda sehemu ambazo vali hukalia. Risasi ni sumu, hasa kwa akili za watoto. Marekani iliikomesha kwenye petroli ya magari ya barabarani mwaka 1996, na kwetu Kenya iliondoka kufikia mwanzo wa 2006. Ndiyo maana wenye magari ya kale hupachika vikalio vya chuma kigumu kwenye vichwa vya injini. Gari likabaki, sumu ikaondoka. Hapo pia ni kubadilisha kwa manufaa.

Juma lililobaki tulilala chini ya gari. Tulitandika mabomba mapya, tukafunga masta ya vyumba viwili, diski mbele, na mikanda ya kupita begani. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga pedali huku mjomba akitoa hewa kwenye mabomba. Hewa hubanika, mafuta ya breki hayabaniki. Hewa kidogo tu ikibaki, nguvu ya mguu wako huishia kuibana hewa badala ya kufika gurudumuni. "Kanyaga! Shikilia! Achia!" Nilikanyaga mpaka paja likafa ganzi. Pedali ilipokuwa ngumu kama jiwe, mjomba alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu ile jioni.

Basi, wenzangu, nisiwachoshe. Wengi wetu tunaota kumiliki magari, na kila siku tunachagua matatu kwa michoro na muziki. Mimi siku hizi nikipanda hutazama mguu wa dereva. Na ukijaliwa kununua gari, liwe la kale au jipya, watu watakuuliza linakimbia vipi. Wewe muulize fundi linasimama vipi, na umuulize kabla hujatoa pesa za kabureta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Sisi tulibahatika: tulijenga baiskeli tu.

Mwanachama, Kidato cha Tatu