Kuaminiana kazini (3): Alama za makubaliano

Wiki iliyopita tulitazama mabaraza ya wafanyakazi, yaliyotokana na Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970. Barazani mtumishi husemewa na wawakilishi. Leo tunaingia katika chumba chenye watu wawili tu, msimamizi na mtumishi wake, siku ya kupima kazi ya mwaka.

Kwa miaka mingi siku hiyo haikuwapo katika utumishi wa umma Tanzania. Mkuu wa kazi alijaza taarifa ya siri, ikaingia kwenye jalada ambalo mhusika halioni. Mtu aliweza kupitwa na wenzake kila wanapopandishwa vyeo, asijue ameandikwa nini. Ukimweka mtu katika hali hiyo atajilinda kwa njia anazozijua: atanyamaza kikaoni, atamchekea bosi, atafunika kosa mpaka lifumuke lenyewe. Bosi naye, kwa kuletewa habari njema tupu, anakuwa wa mwisho kujua ofisi yake inavyokwenda.

Mwaka 2004 taarifa za siri ziliondolewa, ikaja OPRAS, mfumo wa wazi wa kupima utendaji kazi. Wengi wanaikumbuka kwa urefu wa fomu yake, lakini fomu ile ilitungwa kwa busara. Julai, mwaka wa fedha unapoanza, wawili hao walitakiwa kukubaliana malengo pamoja na vitendea kazi vitakavyohitajika. Katikati ya mwaka wakae tena. Juni mtumishi ajipe alama, msimamizi atoe zake, kisha ijazwe safu ya tatu, ya alama walizokubaliana.

Safu hiyo haikujazika kwa haki mpaka watu wazungumze. Alama ya juu ilikuwa 1 na ya chini 5. Bosi aliyetaka kumpa mtu 4 ilimbidi amweleze sababu ana kwa ana. Mtumishi naye, tuseme bwana shamba, alikuwa na haki ya kujibu kwamba hakuwafikia wakulima kwa kuwa pikipiki iliyoandikwa tangu Julai haikuletwa.

Kilichoharibu ni haraka ya Juni. Katika ofisi nyingi fomu zilisahauliwa hadi zilipotakiwa kwa ajili ya kupandishwa madaraja. Malengo ya Julai yakaandikwa Juni, alama nzuri zikagawiwa kwa wote, saini zikapigwa. Mchapakazi akiona mtoro amepata alama zilezile, hawezi tena kumheshimu aliyezitoa.

Sasa PEPMIS imechukua nafasi ya OPRAS na kazi hiyo inafanyika mtandaoni. Ni hatua nzuri kwa kumbukumbu na tarehe. Hata hivyo tathmini ya nusu mwaka bado inaweza kumalizwa kwa kubofya, wahusika wasionane.

Kwangu mimi, kikao hicho cha nusu mwaka ndicho chenye uzito kuliko vyote. Mtu akielezwa upungufu wake Januari, ana miezi ya kujirekebisha. Akielezwa Juni, ameshahukumiwa, na mwaka unaofuata ataficha zaidi.

Kwa hiyo, ndugu msimamizi, usikiruke. Tenga nusu saa kwa kila mtu aliye chini yako, zima simu, na kabla hujataja udhaifu wake muulize ni kipi ulichotakiwa kumpatia hujampatia. Akikutajia, kiandike mbele yake, pamoja na tarehe utakayokileta.