Njia ya farasi iliyogeuka njia ya baiskeli

Kwa wengi wetu baiskeli ni chombo cha riziki. Hubeba maji, mkaa, mikungu ya ndizi na watoto wa shule, na njia yake ni ile iliyopo, iwe ya vumbi au ya tope. Kwa hiyo huenda msomaji akastaajabu kusikia kwamba katika Italia ya kaskazini, nchi yenye barabara za lami kila upande, wapo watu wanaoiacha lami kwa hiari yao na kuitafuta njia ya changarawe. Makala haya yanaeleza njia mojawapo ya namna hiyo, ile inayoufuata Mto Adda kutoka mji wa Lecco kuelekea Milano. Yanaeleza pia kwa nini njia hiyo inastahili kujulikana hata na mtu ambaye hatafika huko maishani mwake.

Adda huzaliwa katika milima ya Alpi, huingia Ziwa Como upande wa kaskazini, na kutoka tena kwenye ncha yake ya kusini-mashariki, palipo na Lecco. Kuanzia hapo huteremka kusini kupitia maziwa madogo ya Garlate na Olginate, hupita katika korongo jembamba lenye miamba, kisha hutulia katika uwanda wa Lombardia na mwisho humwaga maji yake katika Mto Po. Mpanda baiskeli huufuata kwa karibu kilomita 50 hadi Cassano d'Adda. Hapo hugeuka magharibi na kuandamana na mfereji wa Martesana kwa kilomita 30 nyingine hivi, hadi ndani ya Milano.

Njia hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli wala kwa ajili ya matembezi. Waitaliano huiita alzaia, jina lililotokana na kamba ya kukokotea vyombo vya majini. Kabla ya kuja kwa injini, matishari yaliyopakia mawe, kuni na chakula yaliteremka kwa nguvu ya mkondo. Kupanda ilikuwa habari nyingine: yalilazimika kukokotwa dhidi ya maji, na waliokokota ni farasi na wanadamu waliotembea ukingoni, kamba begani, hatua kwa hatua. Ndiyo maana njia hiyo imeshikamana na ukingo na kwa sehemu kubwa haina vilima vikali. Kilichomfaa farasi mwenye mzigo jana kinamfaa leo mtu mwenye magurudumu mawili.

Kwa nini changarawe?

Baiskeli ya changarawe ina usukani uliopinda kama ule wa baiskeli za mashindano, lakini tairi zake ni pana zaidi, aghalabu kati ya milimita 38 na 45, na hazijazwi upepo hadi zikawa ngumu. Tairi ya namna hiyo humeza mawe madogo pasipo kumtikisa mpandaji kupita kiasi. Breki zake ni za diski, zisizodhoofika kwa matope, na gia zake ni nyepesi kwa ajili ya kupanda. Si baiskeli ya mbio za lami wala si ya milimani. Imesimama katikati ya hizo mbili.

Lakini mapenzi ya njia za changarawe nchini Italia hayakuanza na baiskeli hizo. Mwaka 1997, katika kijiji cha Gaiole in Chianti huko Toscana, Giancarlo Brocci alianzisha msafara wa baiskeli uitwao L'Eroica, ambao washiriki wake hupanda baiskeli za zamani. Nia yake haikuwa burudani peke yake. Barabara nyeupe za vijijini zilikuwa zikizikwa chini ya lami moja baada ya nyingine, na hoja ilikuwa kwamba barabara ikipata watu wa kuipita na kuipenda, itapata pia watu wa kuitetea. Miaka 10 baadaye, mwaka 2007, yakaanza mashindano ya weledi yanayopita katika barabara hizo hizo, yaitwayo Strade Bianche. Hoja ile ndiyo inayotufaa pia tunapoitazama Adda.

Mto uliokuwa mpaka

Baada ya Mapatano ya Lodi ya mwaka 1454, sehemu kubwa ya Adda ilikuwa mpaka kati ya milki ya Milano upande wa magharibi na Jamhuri ya Venezia upande wa mashariki. Hali hiyo ilidumu zaidi ya karne tatu, hadi majeshi ya Napoleon yalipoiangusha Venezia mwaka 1797. Aliyevuka mto alikuwa ametoka katika sheria moja na kuingia katika nyingine.

Alessandro Manzoni aliliweka jambo hilo ndani ya riwaya yake maarufu, I promessi sposi, ambayo kila mwanafunzi wa Italia huisoma. Kisa kinaanzia kando ya ziwa, karibu na Lecco. Renzo, kijana msokota hariri, anakimbia Milano baada ya ghasia za mkate za mwaka 1628. Anatembea usiku gizani bila kujua alipo, mpaka anasikia sauti ya maji na kutambua kwamba ni Adda. Kulipopambazuka mvuvi anamvusha kwa mashua, na kwa upana wa mto ule anakuwa amenusurika. Mpanda baiskeli anayesimama ukingoni alfajiri anaisikia sauti ile ile. Hariri nayo ina ushahidi wake njiani: mjini Garlate, kilomita chache tu kutoka Lecco, yapo makumbusho ya hariri katika jengo lililokuwa kiwanda cha kusokotea.

Mbele zaidi, kijijini Imbersago, kipo kivuko kisichotumia injini wala mafuta. Ni maboya mawili marefu yaliyounganishwa kwa sakafu ya mbao na kushikiliwa na waya uliotandazwa ng'ambo hadi ng'ambo. Nahodha hukielekeza kwa mshazari dhidi ya mkondo, na nguvu ya maji yenyewe hukisukuma hadi upande wa pili. Leonardo da Vinci, aliyekaa kama mgeni wa familia ya Melzi huko Vaprio d'Adda, alichora kivuko cha namna hiyo katika mto huu yapata mwaka 1513, na kwa hiyo watu hukiita kivuko cha Leonardo. Hakifanyi kazi kila siku. Anayekitegemea aulize kwanza.

Waliofanya kazi bila kuuona mwisho wake

Kutoka hapo bonde hubanwa na mto huanza kupiga kelele. Kati ya Paderno na Cornate maji huporomoka katikati ya miamba, na kwa karne nyingi hakuna tishari lililoweza kupita. Mwishoni mwa karne ya 16, Giuseppe Meda, mchoraji na msanifu wa Milano, alipendekeza uchimbwe mfereji wa kuyakwepa maporomoko hayo, wenye malango ya maji ya kuteremshia na kupandishia vyombo. Lango mojawapo lilikusudiwa kushusha vyombo mita 18 hivi kwa mkupuo mmoja, jambo lisilosikika zama zile. Kazi ilianza, kisha yakaja mafuriko, mizozo ya fedha na lawama. Meda alitiwa gerezani, na mwaka 1599 akafariki, mfereji ukiwa haujakamilika.

Uliachwa hivyo karibu karne mbili. Chini ya utawala wa Austria, zama za Maria Theresa, kazi ilifufuliwa kwa mpango uliorekebishwa, wenye malango madogo zaidi, na mwaka 1777 mfereji ukafunguliwa. Hatimaye tishari liliweza kutoka Ziwa Como hadi Milano bila kupakuliwa mzigo njiani. Lakini reli ilikuja, na kidogo kidogo matishari yakatoweka. Leo malango yale yamebaki kuta za mawe zilizoota majani, na alzaia inapita pembeni yake. Mpanda baiskeli huyapita yote kwa dakika 10. Ni vema asimame walau dakika moja na kumkumbuka aliyeyawaza kwanza.

Juu ya korongo hilo limesimama Daraja la San Michele, lililokamilika mwaka 1889. Tao lake la chuma lina upana wa mita 150, na liko mita 80 hivi juu ya maji. Magari hupita juu na treni hupita chini yake. Septemba 2018 lilifungwa ghafla kwa ajili ya usalama. Lilipoanza kufunguliwa tena mwaka 2019, wa kwanza kuruhusiwa kuvuka walikuwa waenda kwa miguu na wapanda baiskeli, kwa kuwa uzito wao ni mdogo. Karibu na hapo pia kipo kituo cha umeme cha Bertini. Tangu mwaka 1898 maji yale yale yaliyomshinda Meda yalipeleka umeme Milano na kuendesha tramu zake.

Baada ya mji wa Trezzo, ambako yapo magofu ya ngome ya akina Visconti, anayevuka kwenda ukingo wa mashariki hufika Crespi d'Adda. Hiki ni kijiji kizima kilichojengwa na mwenye kiwanda cha pamba kwa ajili ya wafanyakazi wake, kuanzia mwaka 1878. Kila familia ilipewa makazi katika nyumba yenye bustani. Kulikuwa na shule, kanisa na huduma ya tiba. Mwaka 1995 UNESCO ilikiingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Ni mahali pazuri, nyumba zimepangwa kwa mstari na miti inatoa kivuli. Hata hivyo, mwisho wa barabara yake kuu pana makaburi. Kaburi la ukoo wa mwenye kiwanda limeinuka kama ngazi kubwa ya mawe, na mbele yake, chini, kuna safu za misalaba midogo ya wafanyakazi. Aliyewapa nyumba ndiye pia aliyewapangia siku zao, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa. Kiwanda kilisimama miaka ya mwanzo ya karne hii, lakini nyumba bado zinakaliwa.

Kwa familia inayokusudia safari

Wapo ndugu zetu wanaoishi Ulaya ambao safari hii wanaweza kuifanya kwa siku moja au mbili. Treni kutoka Milano hufika Lecco ndani ya saa moja hivi, na treni za mkoa hupokea baiskeli kwa tiketi ya nyongeza. Kushuka na mto ni kwepesi kuliko kupanda nao. Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni, na Septemba hadi Oktoba. Wenye watoto wadogo waanze na vipande tambarare vya kando ya maziwa, au mfereji wa Martesana, ambao kwa sehemu kubwa una lami. Katika korongo la Paderno ipo miteremko mikali na kingo zisizo na kizuizi. Hapo mtoto ashuke na kusukuma baiskeli. Mara nyingine mawe huporomoka na vipande vya njia hufungwa, hivyo habari zitafutwe mapema. Kila mmoja achukue maji, tyubu ya akiba na pampu, na avae kofia ngumu.

Juu ya chakula, vijiji vya ukanda huo vina polenta, ambayo ni ugali wa mahindi, na kando ya Ziwa Como huliwa pamoja na samaki waliotiwa chumvi na kukaushwa juani. Ni mlo ambao mwenyeji wa pwani yetu hatauona mgeni, mradi aulize kwanza umepikwa kwa mafuta gani na kama umetiwa mvinyo. Mwezi Juni Magharibi huingia baada ya saa 3 usiku kwa saa zetu, basi mchana ni mrefu na hakuna sababu ya kukimbia. Kibla huko ni kusini-mashariki.

Siku za Jumapili njia hujaa wazee wanaotembea na kina mama wanaosukuma vigari vya watoto. Mwenye baiskeli apunguze mwendo, apige kengele mapema na kutoa salamu. Njia hii imesalimika kwa sababu haijapata kukosa watu: walipoondoka farasi, wakaja wanaotembea, walipokuja wanaotembea, wakaja wenye baiskeli. Siku watakapoanza kusukumana na kuogopana, itaanza kupoteza watetezi wake mmoja mmoja.

Nasi pia tunazo njia zilizochongwa kwa jasho la waliotutangulia, ambazo leo tunazipita tukiyatazama mashimo yake tu. Pengine faida ya kuisoma habari ya Adda ni hii: siku moja tumchukue mtoto, twende naye katika njia mojawapo ya hizo, na tumweleze ni nani aliyeipita kwanza na alikuwa amebeba nini.