KUFUFUA GARI KUUKUU: USIANZE NA RANGI

Ndugu msomaji, huenda umewahi kuona gari kuukuu limewekwa chini ya mwembe. Kuku wanataga ndani yake. Watoto wanalichezea. Mwenyewe akiulizwa husema, "Nitalitengeneza tu, siku moja."

Je, gari kama hilo laweza kutembea tena? Ndiyo, laweza. Lakini likitengenezwa ovyo, laweza kula fedha zote za mavuno. Tena laweza kuunguza watu. Basi leo tuzungumze juu ya kazi hiyo.

Gari lenyewe

Tuchukue mfano wa Volkswagen ile ndogo yenye mgongo kama kobe. Wazee wanaikumbuka. Ilishinda mashindano ya Safari Rali ya Afrika Mashariki mwaka 1954, 1957 na 1962. Gari la mwisho la aina hiyo lilitengenezwa Meksiko mwezi wa Julai 2003. Kwa jumla yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 21.

Injini yake iko nyuma. Haina rejeta wala haitiwi maji. Inapozwa kwa upepo wa feni. Feni inazungushwa na mkanda mmoja tu. Mkanda ukikatika, simamisha gari hapo hapo. Ukisema, "Nifike kwanza nyumbani," injini itaungua.

Kwanza tafuta kutu

Watu wengi huanza na rangi. Wanataka gari ling'are majirani walione. Hilo ni kosa. Wahenga walisema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Ingia uvunguni. Gonga sakafu kwa bisibisi. Tazama hasa chini ya kiti cha nyuma, maana betri iko hapo, na maji yake makali hula bati. Kama bisibisi inapenya, bati limekwisha. Likatwe, bati jipya lichomelewe. Kabla ya kuchomelea, ondoa betri, tangi na mipira ya petroli. Cheche moja inatosha kuleta msiba.

Kisha piga hesabu. Andika kila kitu kinachotakiwa na bei yake. Jumla ikishinda uwezo wako, liache gari. Hiyo si aibu. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika, basi daftari likuokoe.

Kushusha injini

Injini imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti nne. Gari likishainuliwa na kuwekewa magogo imara, injini hushushwa kwa jeki. Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kila nati unayoifungua, weka kwenye kopo na uandike imetoka wapi. Mabati yanayozunguka injini usiyatupe. Wengine hudhani ni mapambo. Sivyo. Yanaelekeza upepo kwenye silinda. Yakikosekana, injini huchemka.

Osha vyuma kwa mafuta ya taa na brashi, mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara. Usitumie petroli. Mvuke wake hutambaa chini na kufuata moto ulio mbali.

Vumbi la breki nalo ni la hatari. Breki za zamani nyingi zina asbestosi, na vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu. Lilowanishe kwa maji, kisha lipanguse kwa kitambaa na ukifukie.

Kung'arisha vyuma

Kipo chuma cheupe chepesi kama cha sufuria. Hiyo ni alumini.  Hicho unaweza kukisugua kiwe kama kioo.

Anza na msasa wa maji namba 240. Fuata namba 400, kisha 600, mwisho 1000. Usihamie namba nyingine mpaka mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Malizia kwa dawa ya kung'arishia na kitambaa laini. Usiloweke alumini katika magadi makali ya kutengenezea sabuni, kwani yataila.

Sasa sikiliza vizuri. Kiwiliwili cha injini hii, kile kinachobeba krenkshafti, katika magari mengi ya aina hii ni cha magnesi. Kwa macho kinafanana na alumini, lakini vumbi la magnesi hushika moto. Ukimwaga maji, moto huo huruka na kuzidi. Huzimwa kwa mchanga mkavu kabisa. Kwa hiyo kiwiliwili usikisage kwa mashine wala kukisugua kwa msasa. Kioshe tu, inatosha.

Tena usisugue nyuso zinazokutana, pale penye gasketi. Ukizipinda kidogo tu, oili itavuja. Wala usiguse kwa msasa mahali krenkshafti inapozungukia. Hapo ni kazi ya fundi mwenye vipimo.

Kurudisha na kuwasha

Badilisha mipira yote ya petroli, hata kama inaonekana mizima. Mpira mkuukuu hupasuka na kumwaga petroli juu ya injini yenye moto. Magari mengi ya aina hii yameteketea kwa sababu hiyo.

Tia oili lita mbili na nusu. Pima vali injini ikiwa baridi. Kwa injini nyingi za aina hii nafasi ni milimita 0.15. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba: uingie kama sentimita moja na nusu. Jaribu breki kabla ya kutoka uani. Halafu ndipo uwashe, na ndipo ufikirie rangi.

Ndugu msomaji, chuma kinachong'aa hupendeza. Lakini gari zuri ni lile linalosimama likitakiwa kusimama, na kumrudisha mtu salama kwake.

Maswali ya kuzungumza
1. Kwa nini tusianze na rangi?
2. Kwa nini tusisugue kiwiliwili cha injini?
3. Mkanda wa feni ukikatika njiani, utafanya nini?