Mshale wa Kasi Unaoyumba: Chanzo Chake na Namna ya Kukitafuta

Kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi nchini ni kilomita 50 kwa saa. Askari wa usalama barabarani anapompiga dereva tochi, namba inayosomeka kwenye tochi ndiyo inayohesabiwa, wala haimsaidii dereva kujitetea kwamba mshale wa gari lake ulikuwa ukicheza. Utetezi huo husikika zaidi kwa wenye magari ya zamani, hususan yale ya michezo ya miaka ya 1960 na 1970, kama MGB ya Uingereza au Datsun 240Z ya Japani. Hiyo ya mwisho wazee wengi wa Afrika Mashariki wanaikumbuka vyema, kwa kuwa ndiyo iliyoshinda mbio za Safari mwaka 1971 na tena mwaka 1973.

Suala hili si la faini pekee. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde. Dereva akitumia sekunde moja kutambua hatari, kisha akakanyaga breki nzuri kwenye lami kavu, gari litasimama baada ya kama mita 28. Likiwa linakwenda 65 huku mshale ukionyesha 50, litahitaji kama mita 41. Mita hizo 13 za ziada ni nyingi mahali ambapo guta, mchuuzi na mtoto wa shule hutumia njia moja. Ikumbukwe pia kwamba Kariakoo ipo Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko, inayosomesha pamoja watoto wanaoona na wasioona. Mtoto asiyeona hawezi kukadiria kwa macho mwendo wa gari linalomjia. Usalama wake uko mikononi mwa dereva.

Habari njema ni kwamba ugonjwa wa mshale unaoyumba una tiba, na mara nyingi tiba yenyewe ni nafuu kuliko wenye magari wanavyodhani. Wengi hukimbilia kununua kipimamwendo kingine, ambacho mafundi hukiita spidomita, ilhali kilichoharibika ni kebo.

Ili kuelewa sababu, ni vyema kujua kifaa hiki kinavyofanya kazi. Muundo wake unatokana na ule uliosajiliwa na Mjerumani Otto Schulze mwaka 1902. Gia ndogo iliyo kwenye giaboksi huzungusha kebo nyembamba ya chuma, iliyo ndani ya ala, hadi nyuma ya dashibodi. Huko kebo huzungusha sumaku ndani ya kikombe chepesi cha alumini. Sumaku haigusani na kikombe, lakini mzunguko wake huzalisha umeme mdogo ndani ya alumini, na umeme huo hukivuta kikombe kifuate sumaku. Springi laini kama ya saa hukizuia. Kadiri kebo inavyozunguka upesi, ndivyo kikombe kinavyoishinda springi, na mshale uliofungwa kwenye kikombe hupanda.

Kwa hiyo mshale husema kile ambacho kebo imeuambia. Kebo iliyokauka grisi, iliyopinda au iliyoanza kukatika nyuzi haizunguki kwa ulaini. Hukwama kidogo ndani ya ala, ikajikunja kama kamba iliyosokotwa, kisha ikajiachia kwa ghafla. Kila inapojiachia, mshale huruka. Kila inapokwama, mshale huanguka. Dalili hiyo huonekana zaidi katika mwendo wa polepole, na mara nyingi huambatana na mlio wa kukereketa nyuma ya dashibodi.

Kabla ya kufungua chochote, dereva atazame tarakimu zinazohesabu kilomita. Tarakimu hizo huendeshwa na kebo ile ile, lakini kwa meno ya gia, si kwa sumaku. Ikiwa zinahesabu sawasawa ilhali mshale unadanganya, kosa limo ndani ya kipimamwendo. Ikiwa tarakimu na mshale vyote vimesimama, kebo imekatika au gia ya kwenye giaboksi imeisha meno. Mshale ukiruka-ruka huku tarakimu zikiendelea kuhesabu, kebo ndiyo ianze kushukiwa.

Hatua inayofuata ni kuifungua kebo nyuma ya kipimamwendo. Gari liwe kwenye uwanja tambarare, gia iwe huru, kisha watu wawili walisukume taratibu huku wa tatu akiitazama ncha ya kebo. Inapaswa kuzunguka bila kusita. Ikisita, itolewe yote, ifutwe kwa kitambaa na kulazwa juu ya meza. Fundi aishike ncha moja na kuizungusha kwa vidole: kebo nzima hujiviringisha kimya kimya, lakini iliyopinda hurukaruka mezani kama samaki aliyetolewa majini. Hiyo haifai kunyooshwa, inunuliwe nyingine. Mwenye gari aende kwenye maduka ya vipuri ya Kariakoo au Gerezani na kebo ya zamani mkononi, alinganishe urefu na umbo la ncha zote mbili, na adai risiti. Kebo iliyozidi urefu kidogo tu huweza kuisukuma sumaku na kuharibu kifaa kizima.

Kebo iliyo nzima isafishwe na kupakwa grisi nyepesi, kiasi cha kuacha utando tu. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea kwa ukarimu. Takriban sentimita 20 za upande wa juu ziachwe bila kupakwa, kwa sababu kebo inayozunguka hupandisha mafuta kidogo kidogo hadi ndani ya kipimamwendo. Mafuta yakishafika kati ya sumaku na kikombe, huviunganisha, na mshale hukimbilia mwisho wa namba hata gari likiwa kwenye foleni. Mafuta yakiendelea kupanda baada ya kebo kusafishwa, sili ya oili pale kebo inapoingia kwenye giaboksi imechoka na ibadilishwe. (Petroli iliyotumika kusafishia isimwagwe mferejini; mifereji mingi ya kata za katikati huishia Bonde la Msimbazi.)

Wakati wa kuirudisha, kebo ipite kwa mkunjo mpana, usiobana kuliko duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 15, na inyooke kabla ya kuingia kwenye kipimamwendo. Kebo mpya kabisa iliyobanwa na redio au iliyopindwa nyuma ya injini itayumbisha mshale kama ile ya zamani.

Ikiwa kosa limo ndani ya kipimamwendo, kazi hiyo inamfaa mwenye mkono wa fundi saa kuliko mwenye mkono wa fundi injini. Springi yake ni nyembamba mno, na kuukunja mshale ili uonyeshe namba inayotakiwa si matengenezo.

Upo pia uongo usioyumba. Mshale hutulia, lakini namba si ya kweli. Tairi kubwa kuliko la awali kwa asilimia 5 ya kipenyo hufanya gari liende 52.5 wakati mshale unasoma 50. Kipimamwendo cha mtumba kilichotoka kwenye gari la aina nyingine huweza kukosea zaidi, kwani kila kimoja hutengenezwa kwa idadi maalumu ya mizunguko ya kebo. Kwenye vingi vya Kiingereza idadi hiyo kwa maili moja huandikwa kwa herufi ndogo usoni, kwa mfano 1000 au 1280, na viwili hivyo havibadilishani. Vilevile, magari mengi ya Uingereza husoma maili: mwenye kutulia kwenye 50 ya maili yumo katika kilomita 80 kwa saa, na yawezekana hajui.

Wenye bodaboda nao wanahusika, maana pikipiki nyingi bado zina kebo ya aina hii, isipokuwa yao hutoka kwenye gurudumu la mbele, ambako matope na maji ya mvua huingia kwa urahisi. Vipimo vyake ni vile vile.

Baada ya matengenezo, kifaa kijaribiwe. Alfajiri ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, abiria ashike simu yenye programu ya kupima mwendo kwa setilaiti na kusoma namba kwa sauti, huku dereva akishikilia mwendo mmoja. Asiye na simu ya namna hiyo atumie saa: kwenye kilomita moja iliyopimwa, gari linalokwenda 50 sawasawa hutumia sekunde 72.