Isukuti Mjini

Isukuti hupigwa kwa ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe ya swala na manyanga ya chuma. Ni mali ya Waisukha na Waidakho, jamii za Waluhya wa Kakamega. Huko kwao husikika mtoto akizaliwa, vijana wakitiwa jandoni, harusi ikifungwa na mtu akizikwa. Watu wengi wa Makadara, Nairobi, hata hivyo, waliisikia mara ya kwanza mpirani.

Sababu yenyewe ni nyumba. Makongeni ilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa reli, na Kaloleni, Maringo na Jericho zikawa za baraza la jiji. Katika vyumba vile familia ilibanana, jirani yupo ukutani, na ngoma kubwa haina pa kuwekwa, seuze kupigwa. Uwanja ulio kando ya Barabara ya Jogoo, ambao siku hizi umepewa jina la mwanasoka Joe Kadenge, ulikuwa na nafasi na haukumkataza mtu kelele. Klabu ya Abaluhya ilianzishwa mwaka 1964, Gor Mahia ya Waluo ikafuata 1968, na kila upande ukaja na nyimbo zake. Kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana sana, mechi yao ikaitwa dabi ya mashemeji.

Mwaka 1980 serikali ya Rais Moi ilipiga marufuku vyama vya kikabila, na Abaluhya ikageuka AFC Leopards. Barua na mihuri ikabadilishwa; wapigaji isukuti wakabaki palepale jukwaani.

Hata hivyo, mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka. Shabiki wa Leopards aliyetoka uwanjani masikio yakimvuma angeshangaa: inakufaje ngoma inayopigwa hivi? Nionavyo mimi, uwanja umehifadhi mdundo na kuacha maneno. Mpira unataka kasi moja, ya kuchemsha damu. Wimbo wa kumlilia marehemu au wa kumpokea mtoto hauna kazi pale, na watunzi wanaoujua wanazeeka.

Lakini maneno pia yanaweza kutunzwa mjini. Huko Ōtara, kusini mwa Auckland nchini New Zealand, Wasamoa, Watonga na watu wa visiwa vingine vya Polinesia walihamia mjini kufanya kazi viwandani, kama wazee wetu wa mtaa wa Viwandani. Mwaka 1976 tamasha la Polyfest lilianzia katika shule ya Hillary College, na hadi leo wanafunzi hushindana katika majukwaa tofauti: la Wamaori, la Wasamoa, la Watonga, la Visiwa vya Cook, la Niue. Mtoto aliyezaliwa mjini hulazimika kuimba kwa lugha ya babu yake mbele ya waamuzi wanaoijua.

Kwetu shule zina tamasha la muziki la kitaifa, na hapo mtoto wa Jericho ambaye wazazi wake wametoka Machakos au Siaya huweza kucheza isukuti vizuri kuliko Mwisukha. Wapo wanaonung'unika kwamba anacheza cha watu. Mimi siwaungi mkono. Ngoma ikipata miguu mipya ni heri yake. Ninachodai ni aambiwe wimbo huu ni wa msibani, ule ni wa jandoni, na nani huanza kuitikia. Mwalimu wa kwaya hawezi kuyabuni hayo. Mzee wa Shinyalu, Kakamega, aliyekuja kumtembelea mwanawe Maringo anayajua, na mara nyingi mchana kutwa hana la kufanya.