Maabara Moja, Maradhi Mengi (Sehemu ya Nne): Meza ya Koch na Pikipiki ya Sampuli

Tarehe 13 Machi 2025 mlipuko wa homa ya virusi vya Marburg wilayani Biharamulo, mkoani Kagera, Tanzania, ulitangazwa kuwa umekwisha. Wagonjwa wawili walithibitishwa kwa vipimo, wanane wengine wakahesabiwa kuwa yaelekea waliugua ugonjwa huohuo; wote kumi walifariki. Mlipuko huo unanirudisha kwenye lile ambalo nimekuwa nikilisema kila nipatapo nafasi: maabara haikuzaliwa imegawanyika kwa maradhi. Tuliigawa sisi na wafadhili wetu, na anayelipia mgawanyo huo ni mgonjwa.

Kagera ina historia ndefu na maabara. Robert Koch, Mjerumani aliyetangaza vimelea vya kifua kikuu mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882, alifika Dar es Salaam mwaka 1897. Hakuja kwa ugonjwa mmoja. Katika miezi ile alichunguza malaria, akachunguza maradhi ya ng'ombe yaenezwayo na kupe, na zilipokuja kutoka Kisiba, huko Bukoba katika Kagera ya leo, sampuli za wagonjwa wa homa ya matezi, akatambua kuwa ni tauni. Alirudi mwaka 1905, na huku Afrika Mashariki akachunguza homa ya papasi, akaonyesha kwamba vimelea vyake hupita katika mayai ya papasi hadi kwa watoto wake. Mwaka uliofuata alikwenda visiwa vya Ssese katika Ziwa Viktoria kwa ajili ya malale. Huko aliwapa wagonjwa dawa ya atoksili, na baadhi yao wakapofuka. Hilo lazima lisemwe, kwani elimu yake ilikuja pamoja na utawala wa kikoloni, na watu wa Ssese hawakuulizwa. Hata hivyo, mtu mmoja mwenye hadubini moja alishughulikia malaria, tauni, homa ya papasi na malale, wala hapakuwa na ofisi ya kumwambia kwamba hadubini ile ni ya malaria tu.

Tazama na rangi itumikayo kuonyesha vimelea chini ya hadubini. Njia ya Ziehl na Neelsen ina umri wa zaidi ya miaka 140. Fundi wa maabara hupaka makohozi kwenye kioo, huyakausha, humimina rangi nyekundu, kisha hupitisha moto chini ya kioo mpaka mvuke uanze kupanda; rangi ikichemka, kazi imeharibika. Huosha, huondoa rangi kwa asidi, halafu humimina rangi ya buluu. Kila kitu hugeuka buluu isipokuwa vimelea vya kifua kikuu, ambavyo hubaki vijiti vyembamba vyekundu. Vya ukoma navyo hubaki vyekundu vivyo hivyo. Na mpango wa taifa ulioanza Tanzania mwaka 1977, ambao daktari Karel Styblo alishiriki kuujenga na baadaye ukawa kielelezo kwa nchi nyingi, ulishika kifua kikuu na ukoma kwa pamoja. Nautaja mpango huo kwa heshima kila mara, kwa sababu ulimtegemea fundi wa hospitali ya wilaya na ukamwamini.

Kisha zikaja fedha za UKIMWI. Ziliokoa maisha ya watu wengi mno, na asiyekiri hivyo hana shukrani. Lakini zilikuja na chumba chake, friji lake, rejesta yake na pikipiki yake. Malaria nayo ikapata vyake, na kifua kikuu vyake. Mama mwenye VVU anayekohoa akatakiwa kupanga foleni mara mbili, damu mlango huu, makohozi mlango ule, na majibu yake yakakaa katika vitabu viwili visivyojuana. Huku ni kumkata mtu vipande, na sioni jina jingine la kukuita.

Mashine ya GeneXpert, inayotambua vimelea kwa vinasaba vyake na iliyopitishwa na Shirika la Afya Duniani kwa kifua kikuu mwaka 2010, imeondoa udhuru wa mgawanyo huo. Ile ya kawaida ina nafasi nne, na kila nafasi hufanya kazi peke yake: moja inaweza kupima makohozi na kutoa jibu ndani ya saa mbili, ya pili wingi wa VVU katika damu, ya tatu VVU katika damu ya mtoto mchanga, ya nne virusi vya saratani ya mlango wa kizazi. Kinachobadilika ni katriji tu. Waganda walifanya vivyo hivyo barabarani. Pikipiki zilizoanza kwa kubeba damu ya watoto wachanga kutoka vituo vidogo hadi hospitali kubwa zikaongezewa makohozi, kisha sampuli za maradhi ya mlipuko. Njia ni ileile na dereva ni yuleyule.

Bado sijagusa lililo zito, nalo ni fedha. Tarehe 20 Januari 2025, siku ileile Rais Samia alipotangaza Marburg akiwa Dodoma, Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90. Mafundi na madereva wengi wa sampuli katika nchi zetu walikuwa wakilipwa kwa fedha hizo, kwa jina la ugonjwa mmoja. Bunge la bajeti huanza Aprili. Wabunge waulize mambo mawili kwa kila mkoa: nani analipa mshahara wa fundi wa GeneXpert kuanzia Julai, na nani analipia ukaguzi wa kila mwaka wa nafasi zile nne. Jibu likitaja jina la ugonjwa badala ya jina la hospitali, fungu hilo lirudishwe likaandikwe upya.